Lyndon Johnson, raisi aliyewafungulia watu weusi mlango wa kura akaangushwa na vita

Huku Kongo, jina la Lyndon Johnson linafungamana na tarehe 24 Novemba 1964. Siku hiyo, ndege za jeshi la Marekani zilileta makomando wa Ubelgiji Stanleyville, Kisangani ya leo, ambako waasi wa Simba walikuwa wanashikilia mateka wazungu. Kwao Marekani, raisi huyo wa 36 anakumbukwa kwa mambo mengine mawili: sheria zilizobadilisha maisha ya watu weusi na maskini, na vita vya Vietnam.

Johnson alizaliwa tarehe 27 Agosti 1908 karibu na kijiji cha Stonewall, jimbo la Texas. Alikulia katika familia iliyoishiwa feza. Mwaka 1928, akiwa bado mwanafunzi, alikwenda kufundisha Cotulla, katika shule ya watoto wa Kimexico ambao wengi walifika darasani na njaa.

Aliingia bungeni mwaka 1937, kisha Seneti baada ya uchaguzi wa 1948. Kwa miaka 20 alipiga kura pamoja na wazungu wenzake wa kusini, akipinga kila sheria ya kuwapa weusi haki zao. Mwaka 1957 aligeuka. Akiwa kiongozi wa wengi katika Seneti, alipitisha sheria ya haki za raia, ya kwanza tangu 1875, ingawa ilikuwa imepunguzwa nguvu.

Tarehe 22 Novemba 1963, John Kennedy aliuawa mjini Dallas. Johnson, makamu wake, aliapishwa ndani ya ndege siku hiyohiyo. Muswada wa Kennedy dhidi ya ubaguzi ulikuwa umekwama bungeni. Maseneta wa kusini waliuzuia kwa hotuba zisizoisha, zaidi ya miezi miwili. Johnson, aliyejua siri na tamaa za kila mbunge, aliwabana mmoja mmoja kwa simu. Tarehe 2 Julai 1964 alitia sahihi: hoteli, mikahawa na waajiri walikatazwa kubagua.

Kura ilibaki. Tarehe 7 Machi 1965, polisi waliwapiga waandamanaji weusi mjini Selma, na nchi nzima ikaona kwenye televisheni. Tarehe 6 Agosti, Johnson alitia sahihi sheria iliyosimamisha mitihani ya kusoma iliyotumiwa kuwanyima weusi kura, na maofisa wa serikali kuu wakatumwa kuwaandikisha. Huko Mississippi, mwaka 1964 weusi walioandikishwa hawakufika 7 kwa 100. Mwaka 1967 walikaribia 60.

Siku chache kabla ya hapo, tarehe 30 Julai 1965, alianzisha Medicare, bima ya matibabu kwa wazee. Hospitali iliyotaka kulipwa feza hizo ililazimika kuwalaza weusi na wazungu pamoja. Kwa miezi michache, hospitali nyingi za kusini ziliacha ubaguzi ambao maombi na maandamano ya miaka mingi hayakuweza kuuondoa.

Lakini sheria haikujaza sufuria. Siku tano baada ya sheria ya kura, mtaa wa Watts, Los Angeles, uliwaka moto: watu 34 walikufa. Mwaka huohuo Johnson alituma askari wengi Vietnam. Kufikia 1968 walipita 500.000, na vita vikameza feza na imani ya wananchi. Vijana maskini, aliokuwa ameahidi kuwainua, walikuwa kati ya waliopelekwa kufa.

Tarehe 31 Machi 1968 alitangaza kwamba hatagombea tena, akarudi shambani kwake Texas.

Moyo wake ulisimama tarehe 22 Januari 1973, akiwa na miaka 64. Siku tano baadaye, mkataba wa amani ya Vietnam ulitiwa sahihi mjini Paris. Medicare ingali inalipa matibabu ya wazee. Sheria ya kura, Mahakama Kuu iliipunguzia nguvu mwaka 2013.