Dakta Louis Leakey, Mwana wa Misioni Aliyechimba Olduvai



Watoto wetu wa Sekenke warudipo kutoka shuleni na daftari la historia, huja na swali ambalo wazazi wengi huliogopa. Shuleni wamefundishwa habari za Olduvai, za mafuvu ya kale na za mageuzi ya viumbe. Jumapili wamesikia kanisani kwamba Mungu aliumba mbingu na nchi, akamfanya mtu kwa mavumbi ya ardhi. Basi huuliza: nani mkweli, mwalimu au mchungaji? Wengine hujibiwa kwa ukali, wakanyamaza. Lakini kijana aliyenyamazishwa hivyo hakuridhika. Hukua na swali lake moyoni, na siku moja huacha kuja ibadani, wala haagi mtu.

Kwa sababu hiyo tumeona vema kuwaeleza maisha ya mtu aliyezaliwa katika nyumba ya mchungaji wa Kianglikana hapa Afrika Mashariki, naye ndiye aliyelifanya jina la Olduvai lijulikane duniani kote. Mtu huyo ni marehemu Dakta Louis Leakey.

Louis alizaliwa tarehe 7 Agosti 1903 huko Kabete, karibu na Nairobi. Baba yake, Kanoni Harry Leakey, na mama yake, Mary, walikuwa wamisionari wa CMS, shirika lile lile lililoleta Injili Mpwapwa na Mamboya. Kanoni Leakey alifanya kazi kubwa ya kuitafsiri Biblia katika lugha ya Kikuyu. Mtoto wake alikua pamoja na watoto wa Kikuyu, akaisema lugha yao kama wao, akajifunza kuwinda pamoja nao, na hata akaingizwa katika rika lao.

Alipokuwa kijana wa miaka kumi na mitatu hivi alipewa kitabu kuhusu watu wa zamani waliotumia zana za mawe. Akaanza kuokota vipande vya jiwe jeusi linalong'aa kama kioo, vilivyotapakaa kando ya njia za Kabete. Watu wa nyumbani walimcheka. Lakini Bwana Arthur Loveridge, aliyekuwa mtunzaji wa makumbusho ya Nairobi, alivitazama akamhakikishia kwamba vingine vilichongwa na mikono ya watu. Tangu siku hiyo kijana alijua kazi yake. Hata hivyo hakuona kwamba kazi hiyo inamtoa katika Kanisa. Alipokwenda kusoma Cambridge mwaka 1922, nia yake ilikuwa kurudi Kenya awe mmisionari kama baba yake.

Mwaka 1923 aliumia kichwani akicheza raga, akaambiwa apumzike masomo. Badala ya kukaa bure alikuja Tanganyika mwaka 1924 na msafara uliotumwa Tendaguru, katika mkoa wa Lindi, kuchimba mifupa ya wale wanyama wakubwa wa kale waitwao dinosaria. Huko ndiko alikojifunza kuutoa mfupa mwambani bila kuuvunja. Alirudi Cambridge, akafaulu vizuri sana mwaka 1926, na mwaka huo huo akaongoza msafara wake wa kwanza Kenya.

Mwaka 1931 alifika Olduvai. Mahali hapo si mbali na sisi. Maji ya mvua yanayoshuka Wembere huingia Ziwa Kitangiri, na kwa mto Sibiti hufika Ziwa Eyasi. Olduvai iko kaskazini ya Eyasi. Dakta Leakey alifuatana na Mjerumani Hans Reck, ambaye mwaka 1913 alikuwa amechimba hapo mifupa ya mtu, akaamini kwamba mtu huyo ni wa kale sana. Leakey naye alikubali hivyo. Lakini udongo ulipopimwa ilionekana kwamba maiti ile ilizikwa baadaye, kaburi likachimbwa kuingia katika tabaka la zamani. Mwaka 1933 wakakiri mbele ya wataalamu wote kwamba walikosea. Mwaka 1935 alipata aibu nyingine: mtaalamu aliyetumwa kutoka Uingereza kukagua mifupa iliyookotwa Kanam, karibu na Ziwa Viktoria, alikuta kwamba mahali pa kuokotwa hapakuwekwa alama za kuaminika.

Tunayasimulia haya kwa sababu wako wasemao kwamba wataalamu hubuni tu. Hawa hawakuachwa wabuni tu. Waliulizwa, wakakaguliwa, na penye kosa wakarudi nyuma.

Wala hatuwezi kuficha upande mwingine wa maisha yake. Alimwacha mke wake Frida na watoto wawili wadogo, na mwaka 1936 akamwoa Mary Nicol. Wazazi wake walihuzunika sana, na mlango wa kazi Cambridge ukafungwa. Baadaye, wakati wa vita vya Mau Mau, alisimama upande wa serikali ya kikoloni, na Wakikuyu wengi waliokua naye hawakulisahau jambo hilo. Elimu ya mifupa haimfanyi mtu kuwa mwema. Lakini kosa la mtu katika nyumba yake haliufanyi mfupa alioupata kuwa uongo. Ni mambo mawili, tusiyachanganye.

Kwa miaka mingi Louis na Mary walichimba Olduvai kwa fedha kidogo, maji yakiwa haba na jua kali. Tarehe 17 Julai 1959 Louis alikuwa amelala kambini na homa. Mary alitoka peke yake na mbwa zake, akaona mfupa umechomoza ardhini. Lilikuwa fuvu lenye magego makubwa ajabu. Wakaliita Zinjanthropus, kwa jina la kale ambalo Waarabu waliita pwani yetu. Mahali penyewe palikuwa katika korongo lililopewa jina la Frida, yule mke wa kwanza, na mpaka leo wataalamu hupaita hivyo.

Mwaka 1961 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California walipima majivu ya volkano ya tabaka lile. Katika majivu hayo potasiamu hugeuka kidogo kidogo kuwa gesi ya agoni kwa mwendo unaojulikana, na kwa kuipima gesi hiyo huhesabiwa miaka. Ikapatikana miaka kama milioni 1.75. Baada ya Zinjanthropus ilipatikana mifupa ya kiumbe mwingine, ambaye mwaka 1964 alipewa jina la Homo habilis, maana yake mtu mwenye mikono stadi. Zinjanthropus sasa hahesabiwi kuwa babu yetu, bali ni tawi la pembeni lililokoma. Mwaka 1965 fuvu lake lilikabidhiwa Tanzania, likawekwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.

Hapo ndipo maswali yalipozidi. Katika safari zake za kuhutubia Uingereza na Marekani, Dakta Leakey aliulizwa mara nyingi kama mifupa yake haikuiangusha Biblia. Jibu lake lilikuwa kwamba hakuona vita kati ya alichokipata na Mungu Muumba, na kwamba ugomvi unatokana na watu wanaoisoma vibaya Biblia. Alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972, akarudishwa Kenya, akazikwa Limuru karibu na wazazi wake. Basi Kanoni aliyewapa Wakikuyu Neno na mwanawe aliyechimba mifupa wamelala mahali pamoja wakingoja ufufuo.

Ugomvi wenyewe haukuzikwa naye. Mwaka 2006 baadhi ya viongozi wa makanisa nchini Kenya walitaka mifupa ya kale katika makumbusho ya Nairobi iwekwe pembeni, isionyeshwe kama mababu wa watu. Richard Leakey, mwana wa Louis, aliwapinga vikali. Ndugu hao walitaka kulinda imani ya watoto, na nia hiyo tunaiheshimu. Ila tunauliza: imani inayolindwa kwa kufunika mfupa italindwa na nini siku mtoto atakapoufunua?

Kanisa letu la Anglikana lilipita njia hii zamani. Kitabu cha Charles Darwin kilipotoka mwaka 1859 maaskofu wengine walikipiga vita. Lakini mwaka 1884 Askofu Frederick Temple alihutubu Oxford, akaonyesha kwamba Mungu anayeumba viumbe kwa njia ya kukua polepole si mdogo kuliko anayeviumba kwa mara moja. Mtu huyo baadaye alifanywa Askofu Mkuu wa Canterbury. Naye Darwin alipofariki mwaka 1882 alizikwa ndani ya kanisa la Westminster.

Sisi wa Sekenke tuna kipimo kilicho karibu zaidi. Mchimbaji anaposhuka katika duara huusoma mwamba. Hajui dhahabu iliko kwa kuota. Huitafuta kwa kufuata alama za jiwe. Miamba hii yenye dhahabu yetu ina umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500, na Zinjanthropus ni mgeni wa jana mbele yake. Lakini hakuna mchimbaji atakayeliuliza jiwe kama inafaa kumdhulumu mwenziwe mgao wake, wala jiwe halitamwambia kwa nini alizaliwa. Kwa maswali hayo huja kanisani. Na mchungaji naye hapandi mimbari kuonyesha mahali pa kuchimba.

Kitabu cha Mwanzo kinatuambia ni nani aliyetuumba na kwa kusudi gani: kwamba tu mavumbi, na kwamba juu ya mavumbi hayo Mungu aliweka pumzi yake na mfano wake. Mifupa ya Olduvai inatuonyesha kwa sehemu njia ambayo mavumbi hayo yalipitia. Muda mrefu haumwondoi Muumba.

Basi wazazi, mtoto akiuliza, msimkemee. Mketisheni, mwambieni kwamba mwalimu anajibu swali moja na mchungaji anajibu jingine, na yote mawili ni maswali mema. Kama hamjui la kumwambia, mleteni kwa mchungaji, naye mchungaji asimwogope. Afadhali mtoto anayeuliza ndani ya kanisa kuliko aliyenyamaza nje yake.

Bwana aliyeiumba nchi na vyote vilivyofichwa ndani yake atupe moyo wa kuitafuta kweli bila hofu. Amina.