Burt Munro: Buda wa Miaka 68 Aliyevunja Rekodi na Nduthi Kuukuu Aliyojiundia Kejani

Wasee wengi wakisikia mbio za pikipiki, kitu cha kwanza kuingia akilini ni doh. Mashine mpya, vipuri vya kuagiza nje, fundi wako, na mdhamini wa kulipia hizo zote. Kama huna, unakaa pembeni unacheki wenye wameomoka wakikimbia. Lakini kuna buda mmoja wa New Zealand alikataa hiyo stori kabisa.

Anaitwa Burt Munro. Alizaliwa mwaka 1899 Invercargill, kusini kabisa mwa nchi hiyo. Mwaka 1920 alinunua pikipiki ya Marekani aina ya Indian Scout. Ikitoka kiwandani, mwendo wake wa juu ulikuwa kama kilomita 89 kwa saa. Hiyo leo hata nduthi ya kubeba abiria mtaani inakaribia.

Mtu mwingine angeiuza atafute yenye mbio zaidi. Munro hakuwa na hiyo ganji. Kuanzia 1926 akaanza kuifungua na kuibadilisha mwenyewe. Mchana alikuwa anauza pikipiki kazini, usiku anashughulika na yake, mara nyingine mpaka kunakucha, halafu anarudi job.

Vipuri je? Hapo ndipo jamaa alikuwa noma. Pistoni alizitengeneza kwa kumimina madini yaliyoyeyushwa ndani ya mikebe ya zamani. Silinda alizitoa kwenye mabomba makuukuu. Konrodi alizichonga kwa mkono kutoka kwa ekseli ya trekta. Tairi alizichonga kwa kisu mpaka zikawa laini. Injini iliyoanza na cc 600 hivi ikafika karibu 950.

Usidhani ilikuwa rahisi. Kitu cha kujiundia ni bei nafuu, lakini kinavunjika. Injini ilimlipukia mara nyingi sana, na kila mara alianza upya. Vile vyuma vilivyovunjika hakuvitupa. Alivipanga kwenye rafu, akaandika kwamba hizo ni sadaka zake kwa mungu wa mwendo kasi.

Na manze, alilipa kwa njia zingine pia. Alikuwa na mke na watoto 4, lakini ndoa ilivunjika. Miaka ya mwisho ya 1940 akaacha kazi, akawa anaishi kwenye gereji yake, kitanda na pikipiki chumba kimoja. Kile hakutoa mfukoni alikitoa kwa wakati wake, mwili wake na watu wake. Hiyo ni hesabu ambayo wanaomsifu hawaitaji sana.

Kisha ikafika zamu ya Bonneville. Huo ni uwanda wa chumvi kule Utah, Marekani, tambarare kama meza, ambapo watu huenda kupima mwendo bila gari lingine mbele yao. Si Thika Road usiku. Munro alivuka bahari na nduthi yake, na mwaka 1962, akiwa na miaka 63, akaweka rekodi ya daraja lake ya kilomita 288 kwa saa.

Hakuridhika. Mwaka 1967 akarudi, miaka 68, na ile Scout ya 1920 ikiwa imefunikwa na bodi aliyoitengeneza mwenyewe. Akapita kilomita 296 kwa saa. Yaani mashine ileile iliyoanza na 89, sasa zaidi ya mara tatu.

Munro alifariki Januari 1978. Mwaka 2005 Anthony Hopkins alimwigiza kwenye filamu ya The World's Fastest Indian. Halafu mwaka 2014, miaka 36 baada ya kifo chake, mwanawe aligundua hesabu ya 1967 ilikuwa imekosewa. Rekodi ikasahihishwa, na mzee akaongezewa mwendo akiwa kaburini.

Pikipiki yake iko Invercargill, kwenye duka la vyuma na vifaa, mahali pa msee wa kawaida kununua misumari. Hapo inafaa. Kwa miaka 47, kuanzia kuinunua mpaka rekodi ya 1967, Munro alishikilia mashine hiyo na alijua kila chuma chake, kwa sababu vingi alivitengeneza kwa mikono.

Sasa wewe, hiyo nduthi yako unayolia ni mzee, umewahi kuifungua mwenyewe?