Richard Hindorf na Miche 62

Sisi tukaao Tanga na Pangani tumeuzoea mkonge, hata twaudhani ni mzaliwa wa nchi hii. Sivyo, ni mgeni, na aliyemleta ni Bwana Richard Hindorf, Mdachi mwenye elimu ya kilimo, aliyezaliwa mwaka 1863.

Bwana huyu aliitumikia kampuni ya Kidachi, akitafuta mmea uwezao kuvumilia jua la pwani. Akasoma habari za katani ya Yucatan, katika Meksiko, isokotwayo kuwa kamba. Meksiko ilizuia miche yake isitoke; basi akaagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Safari ilikuwa ndefu, kwanza Hamburg, kisha Tanga. Ilipofika mwaka 1893, iliyo hai ilikuwa 62 tu. Mwingine angalikata tamaa. Yeye akaipanda Kikogwe, karibu na Pangani, nayo ikazaa. Mwaka 1913 nchi ilipeleka ng'ambo tani zaidi ya 20,000 za katani. Hindorf alifariki mwaka 1954, akiwa amekwisha kuona miche ile michache imekuwa mali kubwa ya Tanganyika.

Lakini haifai tumsifu yeye peke yake. Kila jani lilikatwa kwa mkono wa mtu, na wengi wa wakataji walitoka bara, mbali na jamaa zao, kwa kazi ya mkataba, wakaitwa manamba. Jina la Hindorf limeandikwa vitabuni, bali wao walijulikana kwa namba. Basi tuionapo safu ya mkonge, tumkumbuke aliyepanda, tusiwasahau waliokata.