James Marr na Krili wa Bahari ya Kusini

James Marr alizaliwa mwaka wa 1902 katika mji wa Aberdeen, nchi ya Scotland. Mwaka wa 1921 Sir Ernest Shackleton alitaka skauti wa kwenda naye katika bahari ya kusini yenye barafu. Wakachaguliwa wawili, mwenzake Marr alishindwa na mawimbi, akarudi kwao. Marr akabaki, akafanya kazi yo yote aliyopewa. Januari 1922 Shackleton akafa merikebuni huko South Georgia, lakini safari iliendelea.

Baada ya kusoma elimu ya wanyama, Marr akarudi kusini. Siku zile nyangumi waliuawa kwa maelfu kwa ajili ya mafuta, na serikali ya Uingereza ilitaka kujua maisha yao. Chakula chao kikubwa huko ni krili, mnyama afananaye na kamba, urefu wake hata sentimita 6.

Sasa tazameni jinsi krili mwenyewe alavyo. Kifuani ana jozi 6 za miguu yenye nywele nyembamba, na nywele hizo zimeota nyingine nyembamba zaidi. Akiitanua miguu, huwa kama kikapu, maji yakaingia pamoja na vimea vidogo visivyoonekana kwa macho. Akiibana, maji hutoka ubavuni kama tui litokavyo katika kifumbu, na vimea husalia ndani kama chicha. Kisha hupelekwa kinywani, mataya yakavikata na kuvisaga.

Lakini mtoto wa krili hana kikapu hicho, wala kinywa cha kulia. Mayai huzama mbali sana, na kitoto huanguliwa gizani, kikaanza kupanda juu majuma kama matatu, kikiishi kwa kiini cha yai tu. Kinywa chake hufunguka baadaye. Kisipokuta vimea, hufa kwa njaa.

Kwa miaka mingi Marr alichunguza vitoto vilivyonaswa kwa nyavu katika vina mbalimbali, akaonyesha njia yao ya kupanda. Naona kazi hiyo ilitaka uvumilivu kuliko kuvuka barafu. Mwaka wa 1944 aliongoza watu kujenga kituo huko Port Lockroy, akaugua, akarudi Uingereza. Kitabu chake kikubwa juu ya krili kilitoka mwaka wa 1962, naye akafa mwaka wa 1965. Wakati huo nyangumi wa buluu walikuwa wamebaki wachache mno.