Miguu ya Elijah Masinde

Sisi watu wa pwani, jina la marehemu Elijah Masinde twalihusisha na Lamu, alikoletwa na Waingereza akiwa mahabusi baada ya kukamatwa mwaka 1948. Watu wa bara wamjua kuwa kiongozi wa Dini ya Msambwa. Ni wachache wakumbukao kwamba kabla ya hayo yote alikuwa mwanakandanda hodari.

Masinde alizaliwa Kimilili, Bungoma, yapata mwaka 1910. Ujanani alikuwa nahodha wa timu ya kwao, na mwaka 1930 akaichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage, lile kombe la kampuni ya sabuni ambalo baadaye Tanganyika na Unguja nazo ziliingia.

Mimi ni mchoraji. Nilipotaka kuuchora ujana wake, sikuwa na picha yake akicheza. Basi nikaenda Kamukuywa, jirani na Kimilili, kwenye barabara iendayo Kitale, nikaketi kando ya uwanja, daftari magotini, nikawachora vijana waliokuwa wakicheza. Kwetu wako wanaojizuia kuchora viumbe, na msimamo wao nauheshimu. Sikuchora nyuso, wala sikuhitaji kumvua mtu nguo. Nilichotafuta ni mwendo tu.

Mtazamaji wa kawaida jicho lake hufuata mpira. Kalamu humlazimisha kumtazama mtu. Ukichora mguu upigao peke yake, mchezaji wako ataonekana anaanguka. Sharti uanze na mguu wa kushoto, uliosimama kando ya mpira na kubeba uzito wote. Kisha nyonga inayozunguka. Kisha mkono wa kushoto, ulionyoshwa kama tengo la ngalawa ili mwili usipinduke. Mguu wa kulia huja mwisho, kama ncha ya mjeledi. Kwa kufumba na kufumbua, viungo vyote vimepeana kazi. Aliyeuchora mkwaju huo mara 20 hawezi tena kuuita bahati.

Hapo nikaanza kumwona Masinde. Wachezaji wengi Waafrika wa zama zake walicheza miguu mitupu, vidole vikishika ardhi. Mwili kama huo haukupatikana bure. Ulifunzwa kwa miaka.

Na mwili huo ndio uliofungiwa. Mwaka 1945, baada ya kupinga amri za wakoloni, alitiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, akakaa hadi 1947. Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wa dini yake huko Malakisi, wakafa watu 11. Dini ikapigwa marufuku, naye akapelekwa Lamu. Hakuachiliwa mpaka uhuru ulipokaribia. Serikali ya Kenya huru nayo ilimfunga. Alifariki mwaka 1987.

Watu hubishana hadi leo: je, alikuwa nabii, mwanasiasa au mwenye wazimu? Mchoro hauwezi kukata shauri hilo. Lakini wakamataji wake waliandika habari za maneno yake, wakausahau mwili wake, uliojua kusimama kwa mguu mmoja bila kuanguka.

Ewe msomaji, ukienda uwanjani, usiuangalie mpira kwanza. Uangalie mguu uliosimama.