Sayyidna Umar (R.A.) na Zamu ya Elimu

Je, umewahi kusema darsa zinakupita kwa sababu ya kazi ama chuo? Basi njoo tumtazame Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.).

Sote twamjua kama Khalifa wa pili, aliyewaongoza Waislamu toka mwaka 634 mpaka 644. Lakini kumbuka, yeye alisilimu akiwa mtu mzima, na kule Madina alikuwa na shughuli za kutafuta riziki. Tena alikaa upande wa juu wa mji, mbali na msikiti wa Mtume (S.A.W.). Kwenda kila siku hakuweza.

Unajua alifanyaje? Alipatana na jirani yake, mmoja katika Answar, wakawekeana zamu. Leo huyu ashuka kwa Mtume (S.A.W.), kesho yule. Aliyeshuka, akirudi humweleza mwenzake wahyi ulioteremka na habari zote za siku ile. Hivyo kila mmoja alipata ya siku mbili kwa safari moja.

Usiku mmoja jirani alikuja akigonga mlango kwa kishindo, akasema Mtume (S.A.W.) amewaacha wake zake, kama watu walivyodhani. Umar (R.A.) hakukimbilia kuitangaza habari hiyo. Alishuka mwenyewe, akamuuliza Mtume (S.A.W.), akajibiwa kuwa hakuwaacha. Kumbe kushirikiana katika elimu hakukuondolei kazi ya kuhakikisha.

Hata alipokuwa Khalifa hakuacha kujifunza. Siku moja Abu Musa al-Ash'ari (R.A.) alipiga hodi kwake mara tatu, hakujibiwa, akaondoka. Alipoulizwa, akasema hivyo ndivyo alivyofundisha Mtume (S.A.W.). Umar (R.A.) akataka shahidi. Answar wakamtuma mdogo wao kuliko wote, Abu Said al-Khudri (R.A.). Khalifa mzima akapokea somo kwa kijana, na hakuona haya kukiri kuwa biashara za sokoni ndizo zilizomfanya likampita.

Ndugu yangu, Ramadhan hii tafuta mwenzako: mkeo, nduguyo, ama rafiki wa chuo. Leo wewe nenda darsa ya baada ya Alasiri, yeye abaki dukani, kesho mbadilishane. Usiku baada ya tarawehe muelezane. Na Ramadhan ikiisha, zamu isiishe.

Allah atujaalie wenza wa kheri katika elimu. Amin.