Munganga Frederick Banting na kitanda cha mutoto Leonard

Hapa kwetu Masisi na Walikale, ukitaja ugonjwa wa sukari, wengi wanasema ni ugonjwa wa watajiri wa Goma, wale wenye tumbo kubwa. Si kweli. Ugonjwa huo uko wa namna nyingi, na ile namna kali inashika hata mutoto mwembamba ambaye hajaonja keki siku moja. Mutoto huyo anakunywa maji bila kushiba, anakojoa usiku kucha, anakonda paka mifupa, na watu wa kwao wanaanza kuuliza nani amemuroga. Mbele ya mwaka wa 1922 hakukuwa munganga hata mumoja, katika dunia nzima, mwenye dawa ya kumuokoa. Njo sababu ninataka mujue maisha ya Frederick Banting.

Alizaliwa tarehe 14 ya mwezi wa 11, 1891, karibu na muji mudogo wa Alliston, katika inchi ya Kanada. Wazazi wake walikuwa walimaji na wakristo wa kanisa la Metodisti, naye alikuwa mutoto wao wa mwisho. Walitumaini atakuwa muchungaji. Akaingia chuo kikuu Toronto mwaka wa 1910, na mwaka wa kwanza akaanguka mitihani. Kiisha akageuza njia, akaanza masomo ya uganga mwaka wa 1912. Kuandika pia kulimushinda: hata jina la ugonjwa wa sukari, usiku ule alipopata wazo lililomupa sifa, aliliandika na kosa katika kitabu chake. Wale wenye kuogopa imla wapumzike kidogo.

Vita ya kwanza ya dunia ikamuchukua kama munganga wa waaskari. Mwezi wa 9, 1918, karibu na Cambrai kule Ufaransa, kipande cha bombe kilimukata mukono, naye akaendelea kutunza waliojeruhiwa masaa mengi mbele ya kukubali kutunzwa yeye mwenyewe. Walimupa medali. Lakini medali haileti wagonjwa. Alipofungua nyumba yake ya uganga mwaka wa 1920, katika muji wa London (ule wa Kanada, si wa Uingereza), mwezi wa kwanza aliingiza dola 4 tu. Ili apate feza ya kula, akaanza kufundisha wanafunzi kidogo kidogo.

Usiku wa kuamukia tarehe 31 ya mwezi wa 10, 1920, alikuwa anatayarisha somo juu ya pankreasi, kile kiungo cha nyuma ya tumbo ambacho sisi wa biolojia na kemia tunakichora vibaya kila mwaka. Tangu 1889 watu walijua ya kwamba imbwa akiondolewa pankreasi anapata ugonjwa wa sukari. Basi ndani ya kiungo hicho kuna kitu kinachotawala sukari ya damu. Wengi walijaribu kukitoa, wakashindwa. Banting aliwaza hivi: pankreasi inatoa pia maji makali ya kusaga chakula, na labda maji hayo njo yanaharibu kile kitu kinachotafutwa. Tufunge mirija yake, tungoje sehemu ile ya maji ikauke, kiisha tutoe kinachobaki.

Akapeleka wazo lake kwa Profesa Macleod, Toronto. Profesa alikuwa na mashaka, na kweli mutu aliyesimama mbele yake hakuwa mwenye ujuzi wa kazi ya namna hiyo. Hata hivyo alimupa chumba, imbwa, na mwanafunzi mumoja wa miaka 22, Charles Best. Wakaanza mwezi wa 5, 1921. Joto lilikuwa kali, imbwa wengi wakakufa. Lakini mwisho wa mwezi wa 7 walichoma imbwa mugonjwa sindano ya dawa yao, na sukari ya damu ikashuka. Mwisho wa mwaka akaingia mutu wa tatu, James Collip, fundi wa kemia, ili aisafishe ile dawa.

Sasa twende hospitalini. Mutoto anaitwa Leonard Thompson. Alilazwa katika hospitali kubwa ya Toronto mwezi wa 12, 1921. Wanamuhesabia miaka 14, na uzito wake ulikuwa kilo 29 hivi. Wakati ule matunzo ya ugonjwa huu yalikuwa njaa. Munganga Allen wa Marekani alifundisha kumupunguzia mugonjwa chakula paka karibu na kitu bure, ili sukari isipande. Wagonjwa waliongezewa miezi, hata mwaka ao miwili, lakini walikuwa ngozi na mifupa. Fikirini muzazi anayekaa karibu na kitanda, mutoto analia njaa, na kumupa mukate ni kumuua.

Tarehe 11 ya mwezi wa 1, 1922, Leonard alichomwa sindano ya kwanza. Sukari ilipungua kidogo tu, na pahali pa sindano pakavimba usaha, kwa sababu dawa ilikuwa chafu. Wakasimamisha. Collip akakesha katika kazi yake, na tarehe 23 wakaanza tena na dawa iliyosafishwa. Mara hii sukari ikakaribia kuisha kabisa katika mukojo, mutoto akapata nguvu, akaanza kuchangamuka. Mwezi wa 5 akarudi kwao. Watu wanapenda kusimulia ya kwamba Banting aliingia katika chumba kilichojaa watoto waliozimia, akawachoma wote, na wote wakaamuka. Ni hadisi nzuri, lakini haikuwa vile. Ilikuwa mutoto mumoja, na mara ya kwanza ilikuwa karibu kushindwa.

Na kulikuwa jambo lingine ambalo linatuhusu sisi tunaolinda wagonjwa wetu. Collip aliona sungura wake waliopewa dawa nyingi wanatetemeka na kuanguka. Akawapa sukari, wakasimama. Kumbe insulini ikizidi, ao chakula kikichelewa, sukari inashuka chini sana, na hiyo pia inaua. Tangu siku zile hospitali zilijifunza ya kwamba sindano, chakula na saa vinatembea pamoja.

Kwetu, katika hospitali nyingi, chakula cha mugonjwa hakitoki jikoni mwa hospitali. Kinatoka kwa mama ao dada anayepika inje, na kuni zikiwa na maji bugali inafika saa nane. Muforomo amekwisha kuchoma insulini asubuhi akifikiri mugonjwa atakula. Saa tano mugonjwa anatoka jasho, anatetemeka, anasema maneno yasiyo na kichwa, nasi tunaanza kuombea pepo. Kuomba ni vizuri, lakini kama angali anaweza kumeza, apewe upesi maji ya sukari, na muforomo aitwe. Kama amezimia, musimutilie kitu kinywani. Muite waforomo mbio. Muzuri zaidi ni kumwambia muforomo mbele ya sindano kama chakula bado kiko njiani.

Vilevile mugonjwa mwenye malaria ao kidonda asiache insulini kwa mawazo yake mwenyewe, kwa sababu hakula. Homa inaweza kupandisha sukari hata kama tumbo liko tupu. Munganga njo atapima na kugeuza kipimo. Na ile Fanta tunayoingiza kwa siri chini ya kitenge ili kumufurahisha mugonjwa, inamudanganya munganga: anapima, anakuta sukari juu, anaongeza dawa bila kujua sababu.

Wengine watasema insulini ni dawa ya mahali penye firigo. Lakini katika miaka ya 2010, kule Mweso katika Masisi yetu, Waganga Wasio na Mipaka walitunza watu wenye ugonjwa huu hata wakati wa vita na ukimbizi. Na waganga hao pamoja na chuo kikuu cha Geneva walipima joto la nyumba katika kambi ya Dagahaley, kule Dadaab inchi ya Kenya. Mwaka wa 2021 walitangaza ya kwamba insulini waliyoijaribu, hata joto likipanda na kushuka kati ya digri 25 na 37, ilidumu na nguvu yake wiki 4. Kwa mutu wa Walikale ambaye barabara yake inakatika na mvua ao risasi, habari hiyo si ndogo.

Turudi kwa Banting. Hakuwa mutu mwepesi. Alimuzania Macleod kuwa anataka kumunyanganya kazi, na Collip walikaribia kupigana ngumi. Mwaka wa 1923 walipopewa zawadi ya Nobel, Banting na Macleod tu, alikasirika Best kusahauliwa, akamugawia nusu ya feza yake. Macleod naye akagawia Collip. Mimi ninaona wote wanne walihitajiwa, lakini hasira yake hiyo ninaipenda. Ninapenda zaidi jambo la haki ya dawa: Banting, Best na Collip waliiuza kwa chuo kikuu cha Toronto kwa dola 1 kila mumoja. Wangeweza kuwa watajiri wakubwa sana.

Banting alikufa tarehe 21 ya mwezi wa 2, 1941, ndege yake ilipoanguka Newfoundland akiwa njiani kwenda Uingereza kwa kazi ya vita. Alikuwa na miaka 49. Leonard alikuwa amekwisha kufa mwaka wa 1935, kwa ugonjwa wa mapafu, nyuma ya miaka 13 ambayo hakuna aliyeitazamia. Kulikuwa pia musichana wa Marekani, Elizabeth Hughes, aliyefika kwa Banting mwezi wa 8, 1922, karibu na kutimiza miaka 15, na kilo 20 tu. Huyo aliolewa, akazaa watoto 3, akachomwa sindano karibu 42.000 katika maisha yake, na akakufa mwaka wa 1981.